Acheni Kuupaka Ubongo Rangi

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu kwa sababu ya mteja mmoja anayebadilisha mawazo kila akimaliza kikombe cha chai. Leo siandiki juu ya programu, ingawa najijua, tarakilishi zitajipenyeza tu mbele ya safari. Leo nina hasira, na hasira ikikaa tumboni huchacha.

Mwezi uliopita rafiki yangu aliniomba nimsaidie kufunga projekta katika shule moja ya msingi, kwenye siku ya sayansi ya ubongo. Shule siitaji, na shirika lililoandaa silitaji pia, kwa maana nilichokiona huko hukioni kwao peke yao. Siku za namna hii hufanywa duniani kote tangu Wakfu wa Dana wa Marekani uanzishe wiki ya uhamasishaji kuhusu ubongo mwaka 1996. Mtindo unaopendwa sasa ni kuchanganya sayansi na sanaa: mtaalamu wa ubongo anakuja na msanii, watoto wanachora, wanaimba, wanakata karatasi, na sayansi inaingia kichwani bila maumivu. Ndivyo wanavyosema.

Basi watoto walipewa karatasi yenye mchoro wa ubongo. Waipake rangi, waikate, waikunje iwe kofia. Mbele nyekundu, juu buluu, pembeni kijani, nyuma manjano. Majina ya sehemu zote yalikuwa kwa Kiingereza, na mengine ni Kilatini kilichovaa suti ya Kiingereza. Baada ya nusu saa ukumbi ulikuwa na vichwa kama mia moja vyenye ubongo nje. Picha zikapigwa, nyingi sana. Nje, msanii kijana alikuwa anamalizia kuchora ukuta: ubongo mkubwa, nusu ya kushoto imejaa namba na magurudumu ya mashine, nusu ya kulia gitaa na maua.

Halafu msichana mmoja wa safu ya tatu akainua mkono. "Mwalimu, ubongo wa mtu wa kifafa hupakwa rangi gani?"

Wenzake wakacheka. Mtaalamu akasema, "Swali zuri sana, tutalirudia mwishoni." Mwishoni kulikuwa na soda na cheti. Swali halikurudiwa. Nami, fundi wa projekta, niliyekuwa nimesimama mita mbili kutoka kwa mtoto yule, sikusema kitu. Nilikuwa nakunja nyaya.

Tangu siku hiyo swali lile halijaniondoka. Mtoto hakuuliza ili kuchekesha. Mtoto haulizi habari za kifafa hadharani, mbele ya shule nzima, ila kama kifafa kiko nyumbani kwao, au kitanda cha pili, au kwake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa ya phenobarbital imekuwako tangu 1912. Ni ya bei nafuu kuliko kadi za simu tunazomaliza kwa wiki. Hata hivyo, watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi walipopima, walikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa hai hawatumii dawa. Wengine hospitali iko mbali, wengine dawa zimeisha dirishani. Na wengine, jamani, hawajui kwamba kinachowatesa ni ugonjwa wa ubongo.

Sikilizeni lugha yetu wenyewe. Mtoto mwenye homa akitukutika tunasema ana degedege. Ndani ya neno hilo limo dege. Wamijikenda husema nyuni, yaani ndege. Ndege mbaya amepita juu ya mtoto, ameshika, na mtoto anapiga mikono kama mbawa. (Degedege la homa na kifafa si kitu kimoja, msije mkanikaba. Lakini katika vichwa vya watu vinakaa nyumba jirani.)

Itazameni picha hiyo ya ndege kwa jicho la mtu anayetengeneza vitu. Ni kazi ya sanaa ya hali ya juu. Ina chanzo: ndege. Ina utaratibu: anapita, anashika, mwili unafuata mwendo wake. Ina dalili zinazolingana na unachokiona kwa macho. Ina hata tiba, maana kama ndege ameingia, yuko mtu anayejua kumtoa. Bibi anaweza kumweleza mjukuu kwa dakika moja, na mjukuu hasahau mpaka anazeeka.

Sasa sisi tunakuja kushindana na ndege huyo kwa kofia ya karatasi! Kofia haina chanzo wala utaratibu. Haisemi ubongo unafanya nini, unaharibikaje, wala unatibiwaje. Inasema tu kwamba mbele ni nyekundu. Ndege atatushinda kila siku, na anastahili kushinda.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sina neno na sanaa. Ninachokataa ni sanaa iliyogeuzwa sukari ya kumezea kidonge. Mwanasayansi anadhani anacho kidonge tayari, msanii aje apake sukari. Kwa lugha ya kazi yangu, ni sawa na mtu anayebadilisha sura ya wavuti, vitufe vya mviringo, rangi za kuwaka, huku nyuma yake hakuna programu yoyote. Ukibonyeza hakuna kinachotokea.

Na sayansi hii yenyewe haikuanza hivyo. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyezaliwa 1852, alitaka kuwa mchoraji. Baba yake, daktari, alikataa katakata, akamsukuma kwenye udaktari. Walichimbua mifupa makaburini na kijana akaichora. Ndivyo alivyojifunza anatomia. Mwaka 1873 Mwitaliano Camillo Golgi aligundua njia ya kutia madini ya fedha kwenye kipande cha ubongo, ikawa seli chache tu zinageuka nyeusi, kamili na matawi yake yote, na nyingine zinabaki hazionekani. Golgi alitazama kwenye hadubini akaona wavu mmoja mkubwa usiokatika. Cajal alitumia njia ileile, akachora, na kuanzia 1888 akasema: hapana, hizi ni seli mojamoja, zinakaribiana bila kuungana. Wakagawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906 wakiwa bado hawakubaliani, na Golgi akautetea wavu wake katika hotuba ileile ya tuzo.

Cajal alikuwa sahihi. Jambo la kutazama kwenye michoro yake ni mishale midogo. Aliweka mishale kuonyesha habari inaingilia wapi na inatokea wapi. Mshale ule si pambo, ni hoja. Ukiufuta, mchoro unabaki mti mzuri tu. Mwaka 2017 michoro yake 80 ilianza kuzunguka Marekani ikionyeshwa katika majumba ya sanaa, watu wakalipa kuitazama kama sanaa, na ni sanaa kweli. Lakini aliichora kwa sababu alikuwa anabishana.

Sasa linganisheni na rangi za siku hizi. Mmeziona kwenye magazeti: ubongo wa kijivu wenye doa jekundu, "hapa ndipo mapenzi yanapokaa". Watu wengi wanadhani mashine imepiga picha ya doa. Haikupiga. Mashine ile inafuatilia oksijeni kwenye damu. Kisha programu inagawa ubongo vijisanduku makumi ya maelfu, inafanya hesabu ya takwimu kwa kila kimoja, na vinavyopita kiwango inavipaka rangi. Ile rangi ni matokeo ya hesabu, na hesabu huandikwa na watu kama mimi, wenye usingizi.

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake Marekani walimweka samaki aina ya samoni ndani ya mashine hiyo. Samaki mfu. Wakamwonyesha picha za watu na kumwuliza watu wale wanahisi nini. Walipofanya hesabu bila kurekebisha wingi wa majaribio, programu ikaonyesha sehemu za ubongo wa samaki zinazofanya kazi. Ukirusha sarafu mara elfu hamsini, lazima upate mfululizo wa ajabu mahali fulani. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Lakini mwaka 2016 kicheko kilipungua: Anders Eklund na wenzake walionyesha kwamba programu tatu zinazotumiwa sana kwa kazi hii zingeweza, kwa aina fulani ya uchambuzi, kutoa matokeo ya uongo hadi asilimia 70 mahali palipotarajiwa asilimia 5. Katika mojawapo, AFNI, waliikuta hitilafu iliyokaa ndani yake miaka 15. Miaka kumi na mitano! Mimi yangu ikikaa siku mbili mteja ananipigia simu usiku.

Kwa hiyo ukimfundisha mtoto kwamba sehemu za ubongo zina rangi, unamwandaa kuamini kila doa jekundu atakaloonyeshwa na mtu anayeuza kitu. Na wapo wanaouza. Ule ukuta wa shule, kushoto hesabu, kulia muziki, ni hadithi ya namna hiyohiyo. Ni kweli baadhi ya kazi huelemea upande mmoja, lugha kwa mfano kwa watu wengi huelemea kushoto. Lakini kwamba kuna watu wa kushoto na watu wa kulia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo wa watu 1,011 mwaka 2013 wasione dalili yake. Nilimwuliza yule msanii nani alimwambia achore vile. Akasema aliuliza wenyeji wake achore nini, akajibiwa, "Kitu cha kuvutia." Basi. Hakuna aliyekaa naye dakika kumi kumweleza seli ya ubongo inafanya nini. Rangi ile ni ya mafuta. Itakaa miaka kumi ikifundisha uongo kila asubuhi wakati wa gwaride.

Mtaniuliza, je, kuna kupaka rangi kunakofaa? Kupo, na kunanifurahisha kuliko yote. Desemba 2012 maabara ya Sebastian Seung ilifungua mchezo wa mtandaoni ulioitwa EyeWire. Mchezaji alipewa vipande vyembamba vya picha za retina ya panya, na kazi yake ilikuwa kupaka rangi: kufuata tawi moja la seli kutoka kipande hadi kipande bila kuvuka kuingia kwa jirani. Tarakilishi ilikuwa inakosea. Jicho la mtu lilikuwa linaona. Maelfu ya watu wasio wanasayansi wakapaka. Mwaka 2014 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, na wachezaji wakawekwa miongoni mwa waandishi. Mwaka 2024 mradi wa FlyWire ukatoa ramani ya ubongo mzima wa inzi wa matunda, seli 139,255, na humo pia walikuwamo watu wa kawaida waliosaidia kusahihisha. Picha zake zinameremeta kama kanga mpya, kila seli na rangi yake ili isichanganywe na jirani. Mpaka rangi akikosea, ramani inakosea. Hiyo ndiyo rangi yenye kazi.

Wako pia Hay, Williams, Stahl na Wingate, ambao mwaka 2013 walichapisha utafiti uliofanyika Chuo cha King's, London. Waliwapa watu karatasi tupu: chora seli ya ubongo. Wanafunzi walichora picha ya kitabuni, karibu zote zinafanana. Wakuu wa maabara walichora mistari michache, kila mmoja ya kwake. Kisha baadhi ya wanafunzi waliigiza kwa miili yao seli inavyokua na kutafuta njia, na walipochora tena, michoro yao ilikuwa imesogea kuelekea ya wataalamu. Karatasi tupu na mwili wako. Haigharimu chochote. Kwa nini sisi tunachapisha kofia?

Sasa nije kwa mende, maana huku nilikuwa nakuja tangu mwanzo.

Greg Gage na Tim Marzullo walipokuwa wanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan walichoka kueleza kazi yao kwa picha. Wakatengeneza kisanduku kiitwacho SpikerBox, chini ya kampuni yao Backyard Brains iliyoanza 2009, na michoro yake wakaiweka huria, atakaye ajitengenezee. Ndani ni betri ya volti 9, chipu za kukuza mawimbi, vipinga, kapasita na spika. Vipuri vya namna hiyo Luthuli Avenue vimejaa. Mende hatununui, mnajua wenyewe.

Unamlaza mende kwenye maji ya barafu mpaka atulie, unatoa mguu mmoja, unachoma pini mbili. Kisha unapuliza vinyweleo vya mguu. Spika inatoa sauti kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Kila tone ni seli ya neva imetoa umeme. Gusa kidogo, matone machache. Gusa kwa nguvu, matone yanakuja kasi, lakini kila tone halikui. Jambo hilo ndilo Edgar Adrian alilolionyesha miaka ya 1920 na kupata Nobel mwaka 1932, na mtoto wa miaka kumi analisikia kwa masikio yake ndani ya dakika tano. Kisha wanageuza: wanachomeka waya wa muziki wa simu kwenye mguu, na mguu unacheza ngoma, maana besi ni umeme na misuli inaitika. Ni muziki, ni dansi, ni somo. Hakuna aliyelazimishwa kupaka sukari popote. (Wapo wanaolaumu kwamba ni ukatili kwa mende. Ni hoja ya haki na ijadiliwe na watoto wenyewe, ingawa nawakumbusha tunavyowafanyia mende jikoni.)

Sasa mjibuni yule msichana. Ubongo wa mtu wa kifafa hauna rangi yake. Ni uleule wenu, seli kama bilioni 86, kila moja inapiga matone yake. Ukumbi mzima upige makofi, kila mtu kwa mwendo wake. Mnasikia nini? Mvua. Ndivyo ubongo ulivyo sasa hivi mkinisikiliza. Haya, safu ya tatu pigeni kwa pamoja. Safu ya nne wafuate. Safu zote. Paa linatikisika, mimi naongea na hakuna anayesikia neno. Hicho ndicho kinachotokea mtu anapoanguka: seli nyingi mno zinapiga kwa pamoja, na ujumbe mwingine haupiti. Mikono inatukutika kwa sababu seli zinazoiendesha ziko ndani ya makofi yale. Hakuna ndege. Kisha makofi yanachoka, yanapungua, na mtu anaamka amechoka. Dawa kazi yake ni kuzuia safu ya nne isifuate safu ya tatu.

Na mnapofika hapo, mnaigiza yanayofuata. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Ondoa vitu vya kumjeruhi. Tazama saa; zikipita dakika tano, hospitali haraka. Mate yake hayaambukizi. Dakika ishirini, wala hatujafungua kalamu ya rangi.

Wataniambia kifafa ni mada nzito, watoto waje wafurahi kwanza. Mnadhani mada hiyo tunawaletea sisi? Wanalala nayo. Wataniambia wafadhili wanataka picha zenye rangi. Hilo nalikubali, ni kweli, na ndiyo sababu nasema ugomvi si wa watoto bali wa wakubwa. Na wataniambia mimi si mtaalamu wa ubongo. Kweli tupu. Mimi ni mtu wa kuandika programu aliyeombwa kufunga projekta. Lakini najua kitu kisichofanya kazi nikikiona.

Jambo la mwisho kwa wasanii. Msikubali kuitwa dakika ya mwisho. Pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta tamthilia Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji wakairekebisha mazoezini, kwa sababu wao ndio walioyajua maisha ya viwandani na mashambani. Serikali iliogopa ikaipiga marufuku mwaka huohuo. Igizo la kifafa nalo lirekebishwe hivyo, na mama mwenye mtoto anayeanguka, ambaye atawaambia mara moja ni wapi mmedanganya.

Nimewaandikia waandaaji barua pepe. Nimeomba nusu saa tu katika siku yao ijayo. Wamejibu kwa adabu kwamba ratiba imeshajaa, ila kama ningependa kusaidia tena upande wa projekta ningekaribishwa sana. Nimekubali. Nitakuja na projekta, na kisanduku nimekwisha kianza, kimebaki kusomeshwa waya wa spika. Msichana wa safu ya tatu namkumbuka kwa sura. Nitaanzia kwake.